Mwaka Tuliotembea na Kuku

Mwaka mmoja baada ya kumzika Baba, watu wale wale walirudi kwetu kula tena. Padre alisoma misa, msalaba wa mbao uling'olewa ukawekwa wa chuma, saruji ikamwagwa, kisha wajomba wakaketi kwenye viti vya kukodi wakitazama upande wa jikoni kama madereva wa malori pale mpakani Malaba wanavyotazama dirisha la kugongewa muhuri. Nyama haikutosha. Nyama ya matanga haitoshi hata ukichinja fahali, kwa sababu huzuni ya watu wetu hukaa tumboni. Ndipo baba mdogo akamwona Spea akipita karibu na kaburi, amenona, anatembea kama mwenye shamba. Spea ni kuku. Baba mdogo akaitisha kisu. "Huyu naye mnamfuga mpaka lini?" Mama akainamia sufuria. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguka huwa kuna hasara, lakini Tata akanitangulia. Tata ni mama yake Baba. Sisi Wateso ndivyo tunavyomwita nyanya. "Rudisha kisu," alisema bila kuinua sauti. "Huyo amenitembelea mara nyingi kuliko wewe." Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika katikati, kwa sababu kila mtu alikumbuka kuku huyo alikuwa akibebwa na nani.

Nina miaka kumi na saba. Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi na pensheni, na mimi hata kitambulisho sina. Lakini mwaka ule ulinizeesha kidogo, na siku ile ya msalaba nilisikia wajomba wakiusimulia vibaya. Mmoja alisema Baba alikufa kwa sababu ya kutembea. Alisema hivyo akiwa amekaa, sahani juu ya tumbo, na akaongeza mchuzi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Barabara nzima kutoka kwetu mpaka Malaba, na ukigeuka mpaka Busia, alijulikana kama Dere, na sidhani kama nusu ya watu walijua jina alilobatizwa. Alitoka Mombasa akaenda Kampala, akatoka Kampala akarudi Mombasa, miaka na miaka, amekaa. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo na tumbo lilikuwa likiingia nyumbani kabla yake. Nilizoea kumwambia, "Baba, tumbo limefika, wewe uko wapi?" naye ananitupia kofia. Mwanzoni mwa mwaka huo aliletwa nyumbani na dereva mwenzake. Alikuwa ameshuka kwenye foleni ya Malaba kununua mahindi ya kuchoma, akatembea umbali wa malori machache tu, pumzi ikakataa. Wenye lori wakachukua funguo wakasema apumzike. Baba akapumzika kwenye kochi letu, ile sehemu iliyobonyea karibu na dirisha, ameangalia mbele, mkono wa kushoto juu ya mto wa kochi kama juu ya gia. Ukimletea chai alikuwa anaangalia kwanza upande wa kulia, kama kuna kioo. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili sikucheka.

Kliniki nilimsindikiza mimi, kwa sababu siku hiyo shule ilikuwa imenipa ruhusa ya kukaa nyumbani nifikirie tabia yangu. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye sauti kubwa. Alimfunga Baba ule mpira wa mkono, akautazama, akaufunga tena.

"Mzee, unafanya mazoezi gani?"

"Mimi ni dereva."

"Hiyo ni kazi. Nimeuliza mazoezi."

"Kubadilisha gia."

Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje, lakini mlango haukufungika, kwa hiyo nilisikia yote. Moyo wake ulikuwa umechoka. Presha ilikuwa juu. Atameza dawa, atapunguza chumvi na mafuta, na atatembea. "Si kutembea kwa kwenda dukani," daktari alisema. "Tembea kama mtu aliyechelewa kidogo. Unaanza polepole mpaka mwili upate moto, unaongeza, unamaliza tena polepole. Leo karibu, wiki ijayo mbele kidogo. Uwe unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, unazembea. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza. Na kifua kikibana, simama uje hapa, usijifanye mwanaume." Baba akauliza ataongea na nani barabarani, au aongee peke yake watu waseme amerukwa na akili. Halafu nikasikia daktari akisema, "Si una yule uliyekuja naye? Yule akianza ananyamaza?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Baba aliniita tanboi wake, yule kijana anayekaa upande wa kushoto wa lori na kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani. Nilimwambia mimi ni msichana. Akasema jiwe halijui.

Nyumba yetu ukuta wa ndani haufiki kwenye bati, kwa hiyo hakuna siri kwetu, kuna mambo tu ambayo mnakubaliana kutoyasikia. Jioni ile nilikuwa nabambua karanga upande wa pili nikamsikia Baba akimwambia Mama kitu ambacho hakuwa amemwambia daktari. Alisema, "Mama yangu anajua honi tu." Nyumba ya Tata iko kando ya barabara hii hii, karibu na soko la Chakol. Miaka yote akipita na lori alipiga honi kwa namna yake, moja ndefu na mbili fupi, Tata akatoka mlangoni akapunga mkono, na lori likapita. Mzigo ulikuwa na haraka. Alisimama Krismasi, alisimama penye matanga, basi. "Ameniona kiwiko tu, kwa dirisha," Baba alisema. "Nataka nifike kwake kwa miguu yangu, nikae, kabla huu moyo haujazima." Mama alisema, "Usiongee hivyo, mtoto anasikia." Nikabambua karanga kwa kelele zaidi.

Tulianza kabla ya shule, tukilenga mashine ya kusaga unga ya Barasa, mahali ambapo mtoto wa nasari hufika bila kufikiria. Hatukufika. Si kwa sababu ya moyo, ni kwa sababu ya salamu. Kwetu humpiti mtu. Unasimama, unasema yoga, ndiyo salamu yetu Wateso, unaulizwa watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua, na wewe unauliza, na mkono hauachiliwi mpaka mambo yaishe. Baba alikuwa anapata moto, mtu anampoza. Daktari hakuwa ametuambia dawa ya salamu. Tukakata shauri kutosimama, tukawa tunainua mkono na kupita, na hapo ndipo tulipoharibu. Kwa watu wa huku, mtu anayetembea haraka alfajiri, mikono mitupu, hasimami, anajulikana amebeba nini. Amebeba kifo. Anaenda kuwaambia wenye msiba. Mama Nekesa, jirani yetu Mluhya anayeuza omena, alitufuata na beseni kichwani akiuliza, "Nani, Dere? Ni nani?" Baba hakuwa na pumzi ya kujibu. Mama Nekesa akaona machozi, kumbe ni jasho.

Hatujamaliza kunywa chai, bodaboda ikaingia kwetu na Tata nyuma, kitambaa cha kichwa mkononi, tayari amepiga nduru tangu barabarani. Alikuwa ameambiwa kuna mtu ameonekana akikimbia mikono mitupu na kwetu kuna matanga, na habari ilipofika Chakol, aliyekufa alikuwa mwanawe. Akaingia sebuleni akimlilia marehemu, akamkuta marehemu ametumbukiza miguu kwenye karai la maji ya moto, anakula kiazi. Tata alikaa chini akapumua. Halafu akamchapa Baba na kitambaa mgongoni, mtu mzima mwenye watoto, mara mbili. "Unaniua," alisema. "Mtu wa mikono mitupu hatembei hivyo. Kama ni lazima utembee, beba kitu watu waone unaenda kwa heri." Akaangalia miguu ya Baba ndani ya maji muda mrefu. "Na kama umepata miguu, kwangu ni upande huo."

Tulibeba jembe. Mtu akatuita tukamsaidie palizi. Tulibeba Biblia, katekista akafurahi sana, akasimama katikati ya barabara akaomba, na ombi lake lilikuwa refu kuliko foleni ya Malaba. Mwishoni Mama, akiwa amechoka na sisi, akasema, "Si mbebe kuku." Ilikuwa mzaha, lakini Mama hajui akili yake. Mtu aliyebeba kuku kwapani anaenda kutembelea wakwe au rafiki, anangojewa, maji yako motoni. Humchelewishi. Unamwambia "Wasalimie" ukiwa mbali. Tukamchukua mtetea mmoja mwekundu ambaye alikuwa hatagi vizuri, na Baba akampa jina Spea, kwa sababu spea ndilo tairi linalosafiri barabara nzima bila kuikanyaga. Zamu ya kumbeba ilikuwa yangu kwenda na yake kurudi. Mwanzoni alitunyea sana. Baadaye alizoea akawa anapanda mwenyewe mkononi tukitoka, na nadhani ndiye kuku pekee wa kaunti nzima aliyekuwa na mazoezi.

Nikikumbuka sasa, sehemu kubwa ya mwaka ule ni mimi nikiongea. Kazi yangu ilikuwa kumfanya Baba ajibu. Nilimwigizia walimu wangu wote, mmoja mmoja, nikamwigizia padre, nikamwigizia yeye mwenyewe akiibia chumvi. Maana chumvi ilikuwa kesi. Malaba kila kitu kinavushwa, sukari, mayai, nguo, na mezani kwetu ilivushwa chumvi. Mama aliificha juu ya kabati, na Baba alikuwa na yake kwenye karatasi ndani ya soksi. Tukila kunde na ugali wa wimbi, mkono wake ulikuwa unashuka chini ya meza polepole, na mimi nilikuwa natangaza kwa sauti ya ofisa, "Mzee, una chochote cha kutangaza?" Siku Mama alipoikuta ile karatasi hakugomba. Aliitia motoni, akakaa, akala kunde zake bila chumvi pia, na kuanzia hapo tukala hivyo wote. Chakula kilikuwa kibaya. Sijawahi kukitamani chakula chochote kama ninavyokitamani kile.

Baba akijibu maneno mawili mawili, nilijua mwendo ni mzuri. Akianza kuniimbia nyimbo za kanisa nilimwambia unazembea, ongeza gia. Akinyamaza nilipunguza bila kumwambia, nikajifanya Spea ananiponyoka. Tulifika kwa mashine. Wiki nyingine tukafika darajani, pale kijito kinapopita chini ya barabara. Baadaye kanisani. Kliniki wakapima wakasema presha inashuka, na yule daktari akaniambia mimi, si yeye, "Endelea kuongea." Katika maisha yangu yote ya shule hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia hivyo.

Tulifika kwa Tata Jumamosi moja baada ya mvua, mchanga umelala vizuri, hautelezi. Hatukumwambia mtu tunaenda. Tulipokaribia uzio wake wa mnyaa, Baba alisimama, akafuta uso, akapumua, akapiga honi kwa mdomo. Moja ndefu, mbili fupi. Tata akatoka mlangoni na mkono umeshainuka kupunga, akaangalia barabarani, hakuna lori. Mkono ukabaki juu. Sisi tuko langoni.

"Lori liko wapi?" aliuliza.

"Nimekuja bila."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika, Mama. Nimekuja kwako."

Tata aliingia ndani akatoka na kiti, kile cha mbao chenye mgongo, akakipangusa kwa pindo la nguo ingawa kilikuwa safi, akakiweka uani. Baba akakaa. Hakuna aliyesema kitu cha maana. Tata alileta uji wa wimbi, akauliza kuku ni wake, nikasema hapana, huyu ni wa maonyesho, akacheka mpaka akashika kiuno. Walizungumza habari za mpaka wa shamba, na jirani aliyehamia Marachi, na jino la Tata. Mimi nilikaa kimya, jambo ambalo lingeshangaza walimu. Nilikuwa namwangalia Tata. Alikuwa hamwangalii Baba usoni. Alikuwa anaangalia viatu vyake vya raba vyenye tope, kama mtu anayesoma.

Baada ya hapo kila Jumamosi kiti kilikuwa nje kabla hatujafika. Na barabara nayo ikabadilika. Mama Nekesa alianza kutufuata asubuhi bila beseni, akisema ni magoti, halafu akaleta wenzake wawili, halafu wakawa kundi, wakitembea haraka wakiinua mikono, mikono mitupu kabisa, na hakuna aliyewauliza nani amekufa. Barasa wa mashine alikuwa anapaza sauti, "Dere, ongeza gia, kuku anakuzidi." Hata kumbeba Spea hakukuwa na maana tena, ila tulikuwa tumezoea, na Tata angeuliza.

Kulikuwa na wiki ambazo niliamini tumeshinda. Naandika hivyo kwa ajili ya mjomba yule wa mchuzi. Daktari alituambia baadaye, Mama na mimi, kwamba moyo ulikuwa umechakaa kabla hajapiga hatua ya kwanza, na kwamba kutembea hakukumuua. Alisema pengine kulimwongezea. Mimi si daktari, lakini najua alichoongezewa, kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa Novemba, shule zimefungwa. Nilikuwa uani namtafuta Spea chini ya ghala. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango akivaa viatu, nami nilikuwa namwambia kitu kuhusu mwalimu wa hesabu, kitu cha kijinga, nikangoja ajibu. Hakujibu. Nikasema, "Baba, umenyamaza, nipunguze?" Nikageuka. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa kamba. Cha pili kilikuwa mkononi.

Mama alimgusa shingo, akamgusa kifua, akaweka sikio pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akanishika mabega kwa nguvu. "Hakuna kulia," alisema. Kwetu nduru haipigwi mpaka mama mzazi ajue. Mtu hasikii kifo cha mtoto wake kutoka barabarani, na haambiwi kwa simu kama mtu anayeulizwa bei. "Nikilia sasa Mama Nekesa atasikia, na Mama Nekesa akisikia imevuka mpaka. Bodaboda ndiyo mbaya zaidi, atajua yeye kabla ya Tata. Nenda wewe. Nenda vile mnaendaga, watu wasishtuke." Alijifunga leso mdomoni, akakaa kwenye ngazi kando ya Baba, akamvisha kile kiatu cha pili.

Nilitembea. Sikuanza polepole. Kwa mashine Barasa aliniona, akatoa kichwa chenye unga dirishani. "Tanboi, leo umemwacha Dere? Mwambie amezoea raha." Niliinua mkono. Darajani nilikutana na kundi la Mama Nekesa wakirudi, wakanipisha, wakapiga makofi kwa mpigo wa hatua zangu, na Mama Nekesa akasema, "Angalia huyu, ni mashine. Baba yako atakupata wapi." Niliwachekea. Mwanzoni mwa mwaka, watu hawa hawa wangeninyaka mkono, wangeniuliza nani, ni nani, wakati ambapo hakukuwa na mtu aliyekufa. Sasa nilikuwa nimembeba kweli, na walinipisha wakicheka. Tulikuwa tumewafundisha sisi wenyewe. Mwaka mzima tuliwazoesha kwamba mtu anayeharakisha asubuhi hana habari yoyote, ana afya tu.

Njia yote nilikuwa naandaa sentensi. Nilikuwa nimeipunguza mpaka maneno machache, ili itoke mara moja.

Tata alikuwa anafagia uani. Aliniona kwenye uzio, akaegemeza ufagio, akaingia ndani kama siku ile ya kwanza, akatoka na kile kiti, akakipangusa kwa pindo la nguo, akakiweka. Kisha akaangalia barabara nyuma yangu. Hakukuwa na honi. Akaangalia mikono yangu.

"Kuku yuko wapi?" aliuliza.

Watu wote wale, njia nzima, na hakuna aliyeona kwamba sikubeba kitu. Hata mimi sikuwa nimeona. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu, na ile sentensi haikuwepo. Tata alikuja akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye kiti cha Baba, akanikalisha.

"Umetembea haraka sana," alisema. "Pumua. Pumua mpaka uweze kuongea. Mimi nitangoja."

Akavua kitambaa cha kichwa. Akakaa chini kwenye mchanga aliokuwa akiufagia, miguu ameinyoosha mbele, kama mama zetu wanavyokaa mlangoni mwa nyumba yenye msiba, akangoja.